Mikono Isiyojuana

Saa mbili asubuhi

Ijumaa, tarehe 7 Agosti 1998. Nairobi inaingia kazini. Mabasi na matatu kutoka Buru Buru, Umoja, Dandora na Kayole yanashuka Jogoo Road, yanabanana Landhies Road, yanapita Muthurwa na kuingia Haile Selassie Avenue yakiwa yamejaa hadi mlangoni. Ndani ya matatu mojawapo, kama ilivyo kila asubuhi, mama anapanda na mtoto mgongoni na kikapu mkononi, na nafasi ya kukaa hakuna. Aliyekaa karibu na mlango ananyoosha mikono bila kuombwa, anampokea mtoto, anampakata. Hajui mtoto ni wa nani. Mtoto naye anamkodolea macho kidogo, kisha anatulia. Nauli ya waliokaa nyuma inapita mkono hadi mkono. Noti ya mia inapitia kwa watu watano ambao hawajawahi kuonana, na chenji inarudi kwa njia ile ile, shilingi haipungui.

Naanzia hapa kwa makusudi. Karibu kila anayesimulia siku hiyo huanzia saa nne unusu, kwenye kishindo cha bomu lililolipuka kwenye ubalozi wa Marekani. Mimi naona tukianzia hapo tutapotea, kwa sababu tutadhani kwamba wema ulioonekana mchana ule ulishuka ghafla, kwamba msiba uliwageuza watu wakawa wengine. Watu hawakugeuka. Walikuwa wale wale wa saa mbili. Mji huu umesemwa sana kwa ubaya. Umeitwa mji wa kila mtu na lwake, mji wa wezi, mji wa watu wasiojua jirani yao anaitwa nani. Yako ya kweli katika hayo. Lakini mtu asiye na mazoea ya kumpakata mtoto wa mwenzake asubuhi hawezi kujifunza kumpakata majeruhi asiyemjua kwa muda wa dakika kumi.

Saa tatu unusu

Pale Haile Selassie Avenue inapokutana na Moi Avenue, hatua chache kutoka stesheni ya reli, palikuwa na kona isiyopoa. Ubalozi wa Marekani ulikuwa hapo hapo, ukitazamana na barabara mbili zenye shughuli kubwa. Ubavuni mwake kulikuwa na Ufundi House, jengo la ghorofa chache lenye ofisi ndogo ndogo na chuo cha uhazili, ambako vijana, wengi wao wasichana, walikuwa wakijifunza kupiga taipu na kuandika hati mkato ili wapate kazi za ofisini. Nyuma yao palisimama mnara wa Cooperative House, makao makuu ya Benki ya Ushirika, jengo la vioo. Juu huko, katika ghorofa za mwisho, Waziri wa Biashara wakati huo, Joseph Kamotho, alikuwa na mkutano na Balozi wa Marekani, Prudence Bushnell.

Chini walikuwa watu wa kila siku: wanaokimbilia benki kabla foleni haijawa ndefu, wachuuzi, tarishi wenye bahasha, abiria waliokuwa wakingoja taa iwake kijani.

Saa nne unusu

Lori dogo lenye bomu lilifika lango la nyuma la ubalozi. Sitawataja waliolileta. Majina yao yamepigwa chapa vya kutosha, na leo nawakumbuka wengine. Askari wa zamu alikuwa Mkenya, hana bunduki. Aliamriwa afungue kizuizi. Akakataa. Kwa kukataa huko, lori lililokusudiwa kuingia kwenye maegesho ya chini ya jengo lilibaki nje. Ni watu wangapi waliokuwa ndani waliobaki hai kwa ajili ya ukaidi wa mtu huyo, hakuna awezaye kuhesabu. Mshahara wa askari wa getini tunaujua. Watu aliowalinda wengi wao walikuwa wakimpita asubuhi na jioni, pengine kwa salamu, pengine bila.

Likatupwa guruneti. Ikasikika milio ya risasi. Na hapa ndipo penye jambo ambalo waliookoka hulirudia kila wanaposimulia: watu waliacha meza zao wakaenda madirishani kutazama kuna nini. Mtu gani asingekwenda? Kelele zikitokea barabarani, Nairobi huchungulia. Walikuwa wamesimama nyuma ya vioo, nyuso zimeegemea, ulipotokea mlipuko wenyewe.

Ufundi House ilianguka yote, sakafu ikalalia sakafu. Basi lililokuwa limejaa abiria barabarani liliteketea. Vioo vya Cooperative House na vya majengo ya mbali viligeuka visu. Watu 213 waliuawa Nairobi, 12 kati yao Wamarekani. Waliojeruhiwa walikuwa zaidi ya 4,000, na wengi walijeruhiwa macho kwa sababu ya yale madirisha. Dakika chache baadaye, ubalozi wa Marekani wa Dar es Salaam nao ukapigwa kwa namna hiyo hiyo. Huko walikufa watu 11 na kujeruhiwa 85. Ukizitazama hesabu hizo kwa makini unaona ukweli mmoja mchungu: waliokusudiwa walikuwa wachache sana. Wengi wa waliokufa hawakuhusika kwa lolote.

Saa tano kasorobo

Kwanza ngazi. Ndani ya Cooperative House giza na vumbi, lifti zimekufa, na mamia ya watu wanapaswa kushuka kwa miguu kutoka ghorofa za juu bila kujua kama jengo litasimama hadi wafike chini. Balozi Bushnell, ambaye naye alikuwa amejeruhiwa, amesimulia safari hiyo mara nyingi. Msafara ulizidi kuwa mnene kila ghorofa waliyoipita. Watu walikamata vishikio vya ngazi na kukamatana wao kwa wao. Wengine waliomba, wengine waliimba nyimbo za dini. Damu ya aliyekuwa nyuma yake ilimdondokea yeye.

Nimelifikiria sana jambo hilo la ngazi. Ngazi za mnara ni nyembamba. Mmoja akianza kusukuma, wote wanakwisha. Watu wale walishuka ghorofa baada ya ghorofa, wengine hawaoni kabisa kwa vioo vilivyowaingia, na waliweza kufika chini kwa sababu mtu aliweka mkono begani pa aliye mbele yake, na aliye mbele hakuukung'uta. Humo ngazini hakukuwa na balozi wala mfagiaji. Kulikuwa na bega la kushikia.

Barabarani nako, magari ya wagonjwa yalikuwa machache mno kwa msiba wa ukubwa ule. Ila magari yalikuwepo. Matatu zilimwaga abiria, na mara nyingi abiria walishuka wenyewe kabla ya kuambiwa. Mabasi, teksi, pikapu, magari ya kubebea mizigo, magari ya watu binafsi waliokuwa wakienda zao, yote yaligeuzwa kuwa magari ya wagonjwa. Dereva hakuwa na mpango. Alikuwa na gari na alikuwa anaijua njia ya Hospitali Kuu ya Kenyatta. Watu walibebwa kwa machela ya mikono iliyoshikana, wakalazwa kwenye viti, kwenye sakafu, kwenye bodi la pikapu. Vitambaa vya kichwa, leso na mashati yaliyochanwa vilifunga majeraha. Ndani ya gari, aliyekuwa mzima alikaa na kichwa cha asiyemjua mapajani, akimsemesha asilale. Nauli haikutajwa.

Hayo ndiyo tunayopenda kuyasimulia, na tuna haki. Lakini anayeipenda habari hii kwa dhati lazima aseme na upande wake mgumu. Wema usio na ujuzi unaweza kuumiza. Kioo kilichozama jichoni hakichomolewi barabarani. Jicho hufunikwa bila kukandamizwa, na yote mawili yafunikwe, maana jicho zima likigeuka, bovu nalo hugeuka. Aliyevunjika uti wa mgongo hainuliwi kwa makwapa. Umati uliopanda juu ya kifusi kwa nia njema ulizidi kukilemea, na kelele za kuita ziliziba sauti za waliokuwa chini wakiitikia. Wataalamu wa maafa waliochunguza siku ile baadaye waliyasema haya, na walisema kweli. Silitaji hili kuwalaumu waliokimbilia pale na mikono mitupu. Laiti kila mmoja wao angekuwa amefundishwa huduma ya kwanza shuleni, kwa siku mbili tu, mikono ile ile ingeokoa watu wengi zaidi. Bado hatuwafundishi wanafunzi vya kutosha.

Na lipo jambo jingine linalouma. Askari wa majini wa Marekani waliuzingira ubalozi wao wakiwa na silaha, wakawazuia watu kuukaribia. Walikuwa na sababu: waliogopa bomu la pili, na ndani mlikuwa na wenzao waliokufa na waliobanwa. Hata hivyo, Mkenya aliyekuwa akichimba Ufundi House kwa kucha, akiinua macho na kuona upande wa pili ukuta wa bunduki, aliumia moyoni. Bushnell alilijua hilo na hakulificha. Msaada mkubwa wa Marekani ulikuja baadaye, wa madaktari, wa matibabu, wa kujenga upya. Lakini saa ya kwanza ina kumbukumbu yake, na fedha zijazo baadaye haziifuti.

Saa saba mchana

Hospitali ya Kenyatta ilipokea majeruhi kwa mamia na kuendelea kuwapokea. Korido zilijaa, watu wakahudumiwa sakafuni. Wengine walipelekwa Nairobi Hospital, Aga Khan, M.P. Shah, Mater. Madaktari na wauguzi waliokuwa mapumzikoni walirudi bila kuitwa. Madaktari wa macho walifanya kazi hadi usiku, na siku zilizofuata.

Ikahitajika damu.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu naona ndipo palipo kiini cha siku nzima. Kwa desturi ya miaka ile, damu hospitalini ilikuwa shughuli ya ukoo. Mgonjwa akilazwa na kuongezewa damu, ndugu zake waliambiwa walete watu watoe ili kurudisha iliyotumika. Ndugu alimtolea ndugu, mke akamtafutia mume, jirani wa nyumbani akaombwa kwa unyenyekevu, na hata hivyo wengi walikataa, kwa hofu ya sindano, kwa hofu ya kupimwa, kwa imani kwamba damu ya mtu haiondoki bure. Kumpa damu mtu usiyemjua jina, usiyejua kabila lake wala dini yake, hakukuwa desturi yetu.

Radio zikatangaza kwamba damu imepungua. Watu wakaja. Walipanga foleni hospitalini, na foleni ikarefuka kuliko uwezo wa waliokuwa wakiwahudumia. Mwenye tai alisimama nyuma ya muuza mitumba. Walikuwamo waliokuwa wametoka kwenye kifusi, vumbi bado kichwani. Waliulizwa kama wana mgonjwa humo ndani. Waliokuwa hawana walisema hawana, na wakakunja mikono ya mashati.

Jaribu kulipima hilo kwa nchi ilivyokuwa wakati ule. Ni miezi michache tu ilikuwa imepita tangu uchaguzi mkuu wa Desemba 1997, na kabla na baada yake watu walikuwa wameuawa na kufukuzwa majumbani mwao kwa sababu ya kabila, Likoni huko pwani, kisha Bonde la Ufa. Damu ilikuwa imemwagwa kwa kuulizana majina. Sasa watu wa nchi hiyo hiyo wamesimama kwenye foleni wakitoa damu iingizwe kwenye chupa isiyoandikwa itakwenda kwa nani. Sisemi kwamba foleni ile iliponya yaliyotangulia. Haikuponya, na baada ya uchaguzi wa mwisho wa mwaka 2007 tulikuja kuona mabaya zaidi. Nasema kwamba waliomwaga damu na walioitoa, wote ni sisi. Anayetaka kuijua Kenya aisome pamoja na foleni ile.

Na foleni ile ilizaa kitu. Katika miaka iliyofuata, kwa msaada wa Marekani, ilianzishwa huduma ya taifa ya kuongezea damu, ili damu ikusanywe kwa watu wanaojitolea na kuwekwa akiba kabla ya msiba kutokea. Septemba 2013, jengo la maduka la Westgate jijini Nairobi liliposhambuliwa, watu walijazana Uhuru Park kutoa damu, na wengi wao walikuwa watoto wadogo mwaka 1998. Lakini akiba ya damu haihitaji msiba. Inaisha Jumanne ya kawaida, kwa mama aliyetokwa na damu wakati wa kujifungua na kwa mtoto mwenye malaria kali. Huyo naye ni mtu usiyemjua, na hakuna radio inayomtangaza.

Saa kumi na moja jioni

Jua linaelekea kutua, na sasa ni zamu ya wanaotafuta. Simu za mkononi zilikuwa za wachache sana; simu za vibandani zilikuwa na foleni, na laini zilizidiwa. Aliyetoka nyumbani asubuhi hajulikani aliko. Jamaa walikwenda kwa miguu kutoka hospitali hadi hospitali, wakisoma orodha zilizobandikwa, wakirudi kuzisoma tena. Mwishoni walikwenda Mochari ya Jiji, wakiwa wamesaliwa na tumaini kwamba hawatamkuta huko.

Katika msafara huo watu waliunganishwa na kutafuta tu. Mmoja akisoma orodha kwa sauti ili asiyejua kusoma asikie. Mwingine akibeba jina la mtu wa mwenzake: wewe nenda Mater, mimi naenda Aga Khan, nikimwona wako nitakwambia. Ni ahadi ndogo. Lakini ni nani katika maisha ya kawaida anayekupa jina la mwanawe ulibebe?

Usiku wa kuamkia Jumamosi

Taa ziliwashwa juu ya Ufundi House. Waliokuwa wakichimba walikuwa mchanganyiko: wanajeshi wa Kenya, zimamoto, watu wa Msalaba Mwekundu na wa shirika la St. John, wafanyakazi wa kampuni za ujenzi walioleta winchi na mashine, na wananchi walioanza mchana na kukataa kuondoka. Kila baada ya muda waliomba kimya. Mashine zilizimwa, umati ukanyamaza, watu wakatega masikio kwenye zege.

Chini walikuwamo wawili ambao Kenya nzima ilikuja kuwafuatilia. Mmoja alikuwa mwanamume, mwingine mwanamke aliyekuwa mfanyakazi katika jengo hilo. Hawakuweza kuonana. Kati yao palikuwa na zege. Walisikiana. Usiku huo wote, na siku iliyofuata, walizungumza, wakatiana moyo. Mwanamume alipofikiwa na waokoaji aliwaambia kwamba yuko mama upande wa pili, wasimwache.

Nimesoma mengi kuhusu siku zile, na hapa ndipo ninaposhindwa kuendelea haraka. Watu wawili, kila mmoja katika upenyo asioweza kujigeuza, hana maji, hana nuru, anasikia mtu mwingine. Kitu cha pekee kilichobaki cha kupeana ni sauti. Hakuna aliyekuwa na nguvu za kumtoa mwenzake, na walilijua hilo. Waliendelea kuulizana hali. Ukimwondolea binadamu kila kitu, fedha, gari, mikono, mwanga, hata uwezo wa kusogea, bado anabakiwa na uwezo wa kumjulia hali aliye karibu naye. Wale wawili waliutumia uwezo huo hadi mwisho wake.

Jumamosi

Kikosi cha uokoaji kutoka Israeli kilitua, kikiwa na mbwa wa kunusa na uzoefu wa majengo yaliyoporomoka. Mambo yakapangika. Umati ulisogezwa nyuma, na baadhi ya waliosogezwa walichukia, kwani walikuwa wamelala pale. Naelewa uchungu wao, ingawa walioamua walikuwa sahihi. Walipoondolewa juu ya kifusi wengi wao hawakwenda nyumbani. Walisimama kwenye mstari wa kupokezana ndoo na mawe, wengine wakaleta chai, mikate, glavu na maji kwa waliokuwa wakichimba. Ipo kazi inayoonekana kwenye picha na ipo ya kuosha vikombe saa nane za usiku. Siku zile, kazi zote mbili zilipata watu.

Usiku huo, baada ya saa kama 36 chini ya kifusi, yule mwanamume alitolewa akiwa hai. Watu walipiga makofi na kulia. Kisha kazi ikaelekezwa kwa yule mama.

Jumapili, Jumatatu, Jumanne

Siku hizi sina mengi ya kuzisemea. Walichimba. Nchi ilisubiri. Makanisani na misikitini mama yule aliombewa kwa jina lake la kwanza, kana kwamba ni wa kila nyumba. Kulikuwa na watu ambao hawakuwa na ndugu yeyote aliyeumia, hawakuwa hata wakazi wa Nairobi, lakini walilala na radio kando ya mto ili wasiikose habari yake.

Katikati ya juma

Walimfikia. Alikuwa ameshafariki dunia.

Kuna wanaosema kwamba kwa kuwa hakuokolewa, juhudi zile zilikwenda bure. Silikubali neno hilo hata kidogo. Alikufa akitafutwa. Tangu Ijumaa hakuna saa iliyopita bila watu asiowajua kuwa juu yake wakilisogeza jiwe jingine, na kwa muda mrefu alikuwa na mtu wa kuzungumza naye. Sote tutakufa, na wengi wetu hatujui kama tutapata hilo.

Miaka iliyofuata

Mwaka 2001 mahali pa ubalozi palifunguliwa bustani ya kumbukumbu, yenye ukuta wa majina. Ubalozi ulihamia mbali na katikati ya jiji. Cooperative House ilikarabatiwa, na magari yanapita pale kila siku.

Kisha ikaja hesabu ya fidia, na hapo mambo yakawa tofauti kabisa na ngazi za siku ile. Mwaka 2021 serikali ya Marekani ilitangaza kwamba imepokea dola milioni 335 kutoka Sudan kwa ajili ya waathiriwa wa mashambulio ya kigaidi, likiwemo la 1998. Fedha hizo zilikuwa za raia wa Marekani na waliokuwa wafanyakazi wa serikali yake. Msichana wa chuo cha uhazili hakuwamo. Abiria wa basi hakuwamo. Mfanyakazi wa ofisi za jirani aliyechungulia dirishani hakuwamo. Wakenya waliookoka wameendelea kuzungushwa kati ya mahakama na ofisi, mwaka baada ya mwaka, wengine wakifa wakisubiri. Ile Ijumaa hakuna aliyeuliza pasipoti ya mtu kabla ya kumbeba. Waliokuwa na muda wa kutosha wa kutafakari, wakiwa wamekaa mezani, ndio waliouliza. Serikali ya Kenya nayo haiwezi kujivua lawama. Hao ni watu wake, na wameibishia mlango kwa miaka zaidi ya 20.

Nami ninaowafikiria zaidi katika wote hao ni waliopoteza macho. Walikuwa watu wa ofisini, wenye miaka yao ya ujana na ya kati, waliolazimika kujifunza upya kutembea kwa fimbo nyeupe, kusoma kwa breli, kumtambua mtoto kwa sauti. Kwao wema wa watu wasiowajua haukuwa jambo la juma moja la Agosti. Wanauhitaji kila asubuhi, na wanaupata au wanaukosa kutegemea nani anapita. Wapo waliosema kwamba juma la kwanza kila mtu alitaka kuwashika mkono, na mwaka wa pili wakawa wanasukumwa kwenye vituo vya magari kama kila mtu mwingine.

Baadhi yao bado wako mjini. Pamoja nao wako vipofu wengine wengi, ambao msiba wao haukutangazwa popote. Ukimkuta mmoja ukingoni mwa Haile Selassie Avenue, usimkamate mkono na kumburura; hilo ndilo kosa la wengi wenye nia njema. Msalimu kwanza, umwambie uko upande gani. Muulize kama anavuka, kwa sababu huenda anamngoja mtu. Akisema anavuka, mpe kiwiko chako akishike yeye mwenyewe, utangulie nusu hatua. Mwambie ukingo unapofika, na kama ni wa kupanda au wa kushuka. Usikimbie hata dereva akipiga honi. Mkifika ng'ambo, mwambie mmefika na ameelekea upande gani, kabla hujaondoka.